Kilele cha matembezi? Tusidanganyane

Sina ugomvi na mtu anayetaka kupanda mlima. Ugomvi wangu ni na neno. Mawakala wa utalii wa Nepal huviita baadhi ya vilele vya Himalaya "vilele vya matembezi", na siku hizi neno hilo linawafikia vijana wetu waliokwenda kutafuta riziki Ghuba, wanakofanya kazi bega kwa bega na Wanepali. Mmoja wao, niliyemfundisha jiografia, yuko Doha. Ameweka akiba miaka miwili ili akapande Imja Tse, mlima ambao Waingereza waliupa jina la Island Peak. Ananiambia kwenye simu, "Mwalimu, ni kutembea tu."

Ukweli ni kwamba neno hilo ni la ofisini. Mwaka 1978 Nepal ilitenga vilele 18, vibali vyake vikawa vinatolewa na Chama cha Wapanda Milima cha nchi hiyo, kwa ada nafuu na bila mlolongo wa milima mikubwa. Mwaka 2002 vikaongezwa vingine 15. Orodha hiyo inahusu kibali. Ugumu wa mlima ni habari nyingine kabisa.

Imja Tse una mita 6,189. Kilimanjaro, ambao sisi tuliosomea ukimbizini Tanzania tulikaririshwa kama salamu, una mita 5,895, na njia zake za kawaida humalizwa kwa miguu na fimbo. Heha wetu hapa Burundi haufiki hata mita 2,700. Kule Imja Tse, ukikaribia kilele, unakutana na ukuta wa barafu wa kama mita 100. Unafunga meno ya chuma kwenye viatu, unajifunga kwenye kamba, unajivuta. Kisha unateremka palepale, mikono imeisha nguvu. Mwaka 1953 Tenzing Norgay na wenzake waliupanda wakijaribu mitungi ya oksijeni kabla ya kwenda Everest. Nani hubeba mitungi ya oksijeni kwenda matembezini?

Halafu kuna hewa yenyewe. Kwenye mita 5,500, pumzi moja hukupa karibu nusu ya oksijeni unayoipata pwani. Kijana wangu anaishi usawa wa bahari, na ndege kutoka Kathmandu itamshusha Lukla, zaidi ya mita 2,800. Ukishapita mita 3,000, madaktari hushauri usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na upumzike siku nzima kila baada ya siku tatu au nne. Yeye ana likizo ya siku 14, kwenda na kurudi. Hesabu hiyo haitoshi, na nimemwambia hivyo bila kumung'unya maneno. Tena kule ukianza kuyumba kama mlevi, unateremka saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Linaloniuma zaidi ni mzigo. Mtalii hubeba kibegi. Hema, jiko na chakula viko mgongoni mwa mpagazi, mshipi wa kubebea ukiwa kwenye paji la uso. Watetezi wa wapagazi wa Nepal wanataka mzigo usizidi kilo 30. Sisi tuliovuka mpaka mwaka 1993 tukiwa watoto, tukabeba mahindi ya mgawo kambini Kigoma, hatuhitaji mizani kutueleza kilo 30 ni nini. Na wapagazi wengi wanatoka mabonde ya chini, hawakuzaliwa huko juu. Ugonjwa wa mlima huwapata kama unavyompata mgeni. Baba wa Mnepali aliyemshawishi kijana wangu alibeba mizigo huko hadi magoti yakakataa. Mwanawe mwenyewe hajawahi kuupanda mlima huo.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata senti, muulize wakala: bima ya mpagazi ni kiasi gani? Analala wapi, na blanketi gani? Akiugua, nani anamteremsha, na kwa gharama ya nani? Majibu yaje kwa maandishi. Wakala akikwepa, tafuta mwingine, hata kama bei yake iko juu.