Neno Jipya Mlangoni mwa Kamusi Elezo

Katika miteremko ya Umatengo, wilayani Mbinga, mkulima anayetayarisha shamba la maharagwe hufyeka majani, huyalaza kwa mistari inayokatana hadi ifanye miraba, kisha huyafukia kwa udongo unaochimbwa katikati ya kila mraba. Shamba huwa mashimo mengi yaliyozungukwa na matuta. Mvua inaponyesha, maji hutuama shimoni badala ya kuteremka na rutuba, na majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea. Wamatengo huuita mfumo huo ngolo. Kiswahili Sanifu hakina neno moja linalobeba maana hiyo yote: “shimo” halitoshi, “tuta” halitoshi, na “matuta ya kontua” ni kitu kingine.

Tuseme mwalimu wa Mbinga anataka kuandika makala kuhusu kilimo hicho katika Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003. Anaweza kulichukua neno la Kimatengo, anaweza kutafsiri jina la Kiingereza akapata “mashimo ya Kimatengo”, au anaweza kuunda istilahi yake mwenyewe, kwa mfano “kilimo-mraba”. Akichagua njia ya tatu, makala yake ina hatari kubwa ya kufutwa au kubadilishwa jina, hata kama istilahi yake ni nzuri, fupi na inafuata sarufi. Wahariri hawatauliza kama neno linapendeza. Watauliza: ni nani mwingine, asiyekuwa wewe, aliyelitumia katika maandishi?

Sehemu ya mkanganyiko imo ndani ya jina la chombo chenyewe. Wikipedia ya Kiswahili hujitambulisha kuwa kamusi elezo, na msomaji anayeliona neno “kamusi” ana haki ya kudhani kwamba kazi yake ni kupokea maneno. Sivyo. Kamusi hueleza neno: maana yake, ngeli yake, asili yake. Kamusi elezo hueleza kitu kinachotajwa na neno hilo, kwa kutegemea yaliyokwisha kuandikwa na wengine. Anayeunda neno asubuhi na kuliandikia makala jioni hana cha kueleza isipokuwa nia yake. (Kamusi elezo nalo ni neno la kuundwa, na hadi leo linashindana na “ensaiklopidia”.) Hata chombo dada, Wikamusi, si kimbilio la kila neno: toleo lake la Kiingereza hudai ushahidi wa matumizi matatu yasiyotegemeana, yaliyoenea katika muda usiopungua mwaka mmoja.

Ukali huo una sababu. Mwaka 2008 mwanafunzi mmoja wa Marekani aliongeza katika Wikipedia ya Kiingereza, kwa mzaha, kwamba koati, mnyama wa Amerika ya Kusini, huitwa pia “muhanga wa Brazili”. Hakuna aliyekuwa akimwita hivyo. Baada ya miaka michache jina hilo lilionekana katika magazeti na vitabu, na maandishi hayo yakatumiwa kuwa ushahidi kwamba jina lipo. Mzaha ulifichuliwa mwaka 2014, lakini kufikia hapo jina lilikuwa limekwisha kupata watumiaji wa kweli. Kiingereza kina maandishi mengi kiasi kwamba kioja kimoja hakiwezi kukiyumbisha. Kiswahili cha sayansi hakina kinga hiyo. Neno lililobuniwa na mtu mmoja usiku mmoja laweza kuwa ndilo pekee linalopatikana mtandaoni kuhusu jambo fulani; mwanafunzi atalinakili, mfasiri atalitegemea, na programu za kutafsiri zitajifunza kutokana nalo. Mwaka unaofuata litaonekana kana kwamba lilikuwapo siku zote.

Hata hivyo, Wikipedia ya Kiswahili haiwezi kuifuata kanuni hiyo kikamilifu, kwa kuwa ingelazimika kukaa kimya kuhusu nusu ya fizikia na sehemu kubwa ya zoolojia. Wahariri wake wamepata njia ya kati ambayo inastahili kujulikana zaidi na walimu. Juu ya baadhi ya makala huwekwa tangazo linalomwambia msomaji kwamba neno lililotumiwa si la kawaida, kwamba ni jaribio la kutafsiri neno la kigeni, na kwamba kamusi za Kiswahili ama zinatofautiana ama hazina neno la jambo hilo. Msomaji huombwa atoe maoni katika ukurasa wa majadiliano. Huo ni uungwana wa kitaalamu kuliko kufuta, na ni uaminifu kuliko kunyamaza. Udhaifu wake ni kwamba anayenakili makala huliacha tangazo nyuma.

Wapo wanaoamini kwamba muhuri wa Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, unamaliza ubishi. Muhuri husaidia, lakini kinachoamua ni matumizi. Kishikwambi lingeweza kubaki katika orodha za istilahi. Lilitoka humo kwa sababu makarani wa sensa ya Agosti 2022 walikibeba kifaa hicho mlango kwa mlango, Mbinga na Mbamba Bay zikiwamo, na baadaye vifaa hivyo wakapewa walimu. Barakoa, lililokuwa jina la kifuniko cha uso cha wanawake wa pwani, lilipata maana mpya mwaka 2020 bila mjadala mrefu. Kwa upande mwingine, tarakilishi na ngamizi yamefundishwa darasani kwa miaka mingi ilhali mtaani watu husema kompyuta. Leo akili bandia, akili mnemba na akili unde yanagombea kiti kimoja, na mhariri wa kamusi elezo hana mamlaka ya kumtawaza mshindi.

Kasoro ya kanuni huonekana vizuri zaidi ukirudi Ruvuma. Kanuni haipimi umri wa neno, hupima umri wa maandishi yake. Ngolo ni neno la vizazi, lakini kwa mizani hiyo ni jipya kama lililoundwa jana, mpaka aandike mtu mwingine. Kwa bahati, waliandika. Mwaka 1938 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala ya A. H. Pike kuhusu Wamatengo na hifadhi ya udongo, na katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Kyoto waliuchunguza mfumo huo kwa undani. Maandishi hayo, mengi yakiwa ya Kiingereza, yanatosha kuthibitisha kwamba kitu kipo. Hayathibitishi kwamba Waswahili hukiita hivyo. Kitu kinakubalika, jina linabaki mashakani.

Ufukweni hali ni ngumu zaidi. Usipa hana shida, maana samaki huyo mdogo anajulikana kwa jina hilo pande zote mbili za Ziwa Nyasa. Lakini ziwa hilo lina mamia ya spishi za familia ya Cichlidae, na mvuvi wa Liuli au Lituhi ana majina ya wengi kati ya wale wanaoingia wavuni mwake. Mtu aliye mbali, mwenye orodha ya majina ya Kilatini na asiye na mvuvi wa kumuuliza, huunda jina na kulichapa. Lake litapatikana kwa kutafuta mtandaoni. La mvuvi halitapatikana.

Mwalimu wa Mbinga basi angefanya vyema kuanza kwingine: makala katika jarida au gazeti, faharasa ya wanafunzi iliyochapishwa, au pendekezo kwa wahariri wa kamusi, kukiwa na sentensi halisi za wakulima. Huko pia atakutana na maswali ambayo kamusi elezo haikumuuliza. Wengine huandika ngolo, wengine ngoro, wengine ingolo. Je, likiingia katika Kiswahili litafuata ngeli ya I-ZI, “ngolo hii imechimbwa”, au ya LI-YA, “ngolo hili limechimbwa”? Na ngolo ni shimo moja, au ni shamba zima?