Mwili Wako Usiwaachie Ndugu Ugomvi

Ndugu zangu wa Silver Spring, Hyattsville, Gaithersburg, Alexandria na kote tulikotawanyika kuizunguka Washington, nina ombi moja. Kabla wiki hii haijaisha, andika mwili wako upelekwe wapi na ufanyiwe nini siku utakapofariki, na mtaje kwa jina mtu wa kusimamia hayo. Najua ombi hili ni gumu. Kwetu anayezungumzia kifo chake akiwa mzima huambiwa anajichuria. Lakini huku ugenini, anayekufa bila kusema anawatwisha wenzake mzigo ambao angeweza kuwapunguzia kwa karatasi moja.

Sote tunaijua tanzia inayoingia kwenye simu alfajiri. Kufikia jioni kuna makundi mawili ya mchango, na vikao vinafanyika kwenye sebule mbili tofauti. Wengine wanasema mwili urudi Moshi, wengine wanasema marehemu ana watoto hapa, basi alale karibu nao. Mjane anataka hili, kaka mkubwa anapiga simu kutoka Dar es Salaam akitaka lile. Kila mmoja anaapa kwamba ndivyo marehemu alivyomwambia.

Mwili nao hausubiri kikao kiishe. Moyo ukisimama, damu huacha kuzunguka na kutulia sehemu za chini, ngozi ya huko ikageuka rangi ya zambarau. Baada ya saa chache misuli huanza kukakamaa, kwanza taya na shingo, na kwa kawaida baada ya saa 12 hivi mwili wote huwa mgumu. Siku moja au mbili baadaye hulegea tena. Wakati huohuo chembe za mwili huanza kujimeng'enya zenyewe, na bakteria wa tumboni, ambao maisha yote walitusaidia kumeng'enya chakula, husambaa kwa kuwa kinga iliyokuwa ikiwazuia imekufa. Jokofu la mochwari hupunguza mwendo huo, ila haliusimamishi. Naliandika jambo hili waziwazi kwa sababu familia nyingi huanza kulijua siku ileile wanapotakiwa kuamua.

Anayetaka kurudishwa nyumbani, kwa kawaida mwili wake hutiwa dawa: damu hutolewa kupitia mshipa wa shingoni, na dawa yenye fomalini husukumwa ndani kupitia mshipa mwingine. Ufundi huo ulipata umaarufu nchini Marekani kutokana na mambo yaliyotokea hapahapa tunapoishi. Tarehe 24 Mei 1861, Kanali Elmer Ellsworth aliuawa kwa risasi Alexandria, mwanzoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Daktari Thomas Holmes akautia mwili wake dawa, ukalazwa Ikulu ili watu wauage. Miaka iliyofuata, familia nyingi za kaskazini zilitaka vijana wao waliouawa vitani warudishwe wazikwe kwao, na safari ya treni ilikuwa ndefu. Rais Lincoln mwenyewe alipouawa mwaka 1865, mwili wake ulitiwa dawa, ukaondoka Washington kwa treni tarehe 21 Aprili, na ukazikwa Springfield, Illinois, tarehe 4 Mei. Basi mtu asikucheke ukitaka kulala walipolala baba na babu zako. Mji huu unaielewa hamu hiyo tangu zamani.

Ila useme mapema, kwa sababu safari hiyo inakula maelfu ya dola na rundo la makaratasi: cheti cha kifo, hati ya kutiwa dawa, barua ya kuthibitisha kwamba hakuna maradhi ya kuambukiza, kibali cha ubalozi. Hakuna anayependa kuyafuatilia hayo huku analia.

Kwa Waislamu wengi njia ni nyingine: kuoshwa, kuvishwa sanda, kuswaliwa na kuzikwa upesi palepale mauti yalipomkuta mtu. Lakini hata kaburi la hapa lina watu waliolihangaikia. Kaunti ya Stafford, Virginia, chama cha All Muslim Association of America kilinunua ardhi mwaka 2015 ili kupanua huduma ya mazishi. Mwaka uliofuata kaunti ikapitisha kanuni ya kuweka makaburi mbali sana na visima, umbali unaozidi kwa mbali ule unaotakiwa na jimbo, na ardhi ile haikuweza kutumika. Wizara ya Sheria ya Marekani iliishtaki kaunti mwaka 2020. Mwaka 2021 kaunti ilikubali suluhu, kanuni ikafutwa na chama kikalipwa dola 500,000. Miaka yote hiyo watu walipigania mahali pa kulaza wafu wao, nasi tunaona tabu kuandika mistari kumi!

Wakenya hawahitaji kukumbushwa habari za wakili S.M. Otieno, lakini vijana waliozaliwa huku pengine hawazijui. Alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika shambani kwao Upper Matasia, Ngong. Ukoo wa Otieno, Umira Kager, ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mashahidi walisimama mahakamani kueleza marehemu alisema nini alipokuwa hai, huyu akisema hili na yule lile, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Rufani. Alizikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Miezi mitano mtu amelala mochwari! Alikuwa wakili, mtu wa sheria, na bado neno lake la mdomo halikutosha.

Hapa tulipo sheria inakupa nguvu. Maryland, mtu wa miaka 18 au zaidi anaweza kuamua juu ya mwili wake mwenyewe kwa hati aliyoitia saini mbele ya shahidi, naye shahidi akaitia saini mbele yake. Virginia unamteua mtu wa kusimamia mazishi yako kwa hati iliyopita kwa notari, na mtu huyo akubali kwa maandishi. D.C. ina utaratibu wake, kwa hiyo mkazi wa huko amuulize mwanasheria. Asiyeacha neno, sheria humpangia wasemaji wake kwa zamu, kwa kawaida mume au mke, watoto wazima, wazazi, ndugu. Rafiki uliyeishi naye miaka 15 huenda asihesabiwe hata kidogo.

Na hapa nawafikiria zaidi wanaoishi peke yao: dereva wa teksi aliyepanga chumba cha chini Langley Park, dada anayelea wazee usiku na kulala mchana. Maryland, mwili usiodaiwa ndani ya saa 72 tangu kifo huwa chini ya Bodi ya Anatomia ya jimbo, na unaweza kutumika kufundishia madaktari. Baadaye mwili huchomwa, majivu huzikwa Sykesville, na kila mwaka hufanyika ibada ya kuwakumbuka marehemu hao. Wapo wanaoutoa mwili wao kwa elimu kwa hiari yao, na nawaheshimu sana. Linaloniuma ni mwenzetu kufika huko kwa sababu tu hakuna aliyejua namba ya simu ya mama yake.

Jambo jingine la kumwambia msimamizi wako ni hili. Kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho, iliyoanza kutumika mwaka 1984, inaitaka nyumba ya mazishi ikupe orodha ya bei kipengele kwa kipengele, ikutajie bei kwa simu ukiuliza, na isikatae jeneza ulilonunua kwingine. Wala isikudanganye kwamba sheria inalazimisha dawa pale isipolazimisha. Msiba usiwafanye muone haya kuuliza bei.

Ukitaka kuchomwa, kama Wangari Maathai mwaka 2011, liandike hilo kwa uwazi zaidi kuliko mengine, maana ndilo ndugu wa nyumbani hupata tabu kulikubali. Andika pia dini yako, waliopo nyumbani wa kupigiwa simu, na fedha au bima iliyopo. Usiifungie hati hiyo kwenye sanduku la benki, kwani huenda likafunguliwa baada ya mazishi. Mpe nakala msimamizi, nyingine mtu wa nyumbani.

Wachungaji, maimamu na viongozi wa jumuiya zetu, tengeni mkutano mmoja kwa jambo hili, mwiteni notari, na watu waondoke saini zikiwa zimekwisha wekwa. Na wenye wazazi waliokuja kulea wajukuu kwa miezi sita, waulizeni nao kwa adabu, jioni, baada ya chakula. Wengi wameshaamua siku nyingi, na wanangoja tu kuulizwa.