Lebo ndiyo sheria, lakini kwa lugha ya nani?

Kuanzia mwisho wa Desemba 2025, sheria ya Marekani yataka dawa kali za kuua wadudu mashambani ziwe na maelezo ya afya na usalama kwa Kihispania. Nyingine zitafuata kwa awamu mpaka 2030. Ni habari njema, ila imechelewa mno.

Kule, kila anayesomea leseni ya kupiga dawa hufundishwa kwamba lebo ndiyo sheria. Ukichanganya kinyume cha ilivyoandikwa, au ukaingiza watu shambani kabla ya saa zilizowekwa, umevunja sheria. Na wachumaji wa zabibu za California na matufaha ya Washington wengi wao ni wasema Kihispania, ilhali lebo miaka yote ni Kiingereza.

Si kwamba serikali haikuliona. Dawa kali ilitakiwa iwe na neno la tahadhari kwa Kihispania, na sentensi moja tu: kama huelewi lebo hii, tafuta mtu akueleze kwa kina. Hebu fikiria. Kibarua ana mtungi mkononi, msimamizi ana haraka, na kikaratasi chamwambia akatafute mkalimani!

Mafunzo yalitangulia. Kanuni ya kuwalinda wafanyakazi wa mashambani ilitolewa 1992, ikakazwa 2015, na tangu 2017 mafunzo ni ya kila mwaka badala ya kila miaka 5, tena kwa namna ambayo mfanyakazi ataelewa. Hii ya lebo ilipitishwa Desemba 2022. Hata hivyo kampuni yaruhusiwa kuweka alama ya kuskani kwa simu badala ya maandishi yenyewe. Mtu aliyevaa glavu zilizoloa sumu, simu ataitoa vipi mfukoni?

Kwangu mimi, kiini ni leseni. Dawa zilizowekewa vikwazo hupigwa na mwenye cheti, au mtu aliye chini ya usimamizi wake. Mtihani ukiwa wa Kiingereza pekee, aliyebeba pampu miaka 20 atabaki kusimamiwa na kijana aliyemaliza chuo juzi. California na Washington wana mitihani ya Kihispania kwa baadhi ya leseni. Si kila jimbo limefika hapo. Hoja ya wapinzani ilikuwa kwamba mwenye leseni sharti aweze kusoma lebo, na lebo ni ya Kiingereza. Sasa watafute hoja nyingine.

Kisha kuna waliosahauliwa kabisa. Kwenye stroberi za Oxnard na Santa Maria wako watu wa Oaxaca, kusini mwa Mexico, ambao lugha yao ni Kimixteko, na Kihispania chenyewe kwa baadhi yao ni cha kubabaisha. Video ya mafunzo ikiisha na karatasi ya mahudhurio ikizungushwa, saini zote zitakuwapo. Mkaguzi akija, asiridhike na karatasi hiyo. Aje na mkalimani wa Kimixteko, awaulize wenyewe ni saa ngapi baada ya kupigwa dawa ndipo waruhusiwa kuingia shambani.