Mtazame Mwalimu Kabla ya Kutazama Jengo



Juma hili nina barua ya baba mmoja mwenye shamba la kahawa. Binti yake amekwisha kupata shahada ya pili katika elimu ya udongo, na sasa ataka kuendelea mpaka shahada ya udaktari. Huo si udaktari wa sindano na vidonge. Ni ule wa wataalamu: mtu hutafuta jambo ambalo bado halijajulikana, hulichunguza kwa miaka, huliandika, kisha hulitetea mbele ya wakubwa wa elimu.

Binti amepata majibu mawili. La kwanza latoka katika chuo chenye jina kubwa ng'ambo, ila hakitoi fedha. La pili latoka katika chuo kisichovuma sana, nacho kitamlipia ada na kumpa posho. Tena profesa wa huko amemwandikia kwa mkono wake mara mbili. Baba auliza: "Je, niuze nusu ya shamba ili aende kule kwenye jina?"

Baba yangu, kabla hujamwita mnunuzi, keti kwanza tuongee.

Ulipotaka mwanao ajifunze useremala, ulifanyaje? Hukupima ukubwa wa karakana. Uliuliza: waliofundwa na fundi huyu wako wapi leo? Je, walishikishwa randa na msumeno, au walifagia maranda tu miaka mitatu? Uliuliza pia kama fundi hushinda kazini au hushinda safarini. Basi, akili hiyohiyo ndiyo itakayokusaidia sasa.

Maana katika shahada ya kwanza mwanafunzi ana walimu wengi. Mmoja akiwa mbaya, wengine watamwokoa. Katika shahada ya udaktari ya sayansi huwa chini ya msimamizi mmoja hasa. Huyo ndiye amwoneshaye njia ya utafiti, asomaye maandishi yake, akubaliye kwamba sasa yuko tayari kuhojiwa, na amwandikiaye barua za kutafutia kazi. Akiwa mwema, hata maabara ndogo yatosha. Akiwa mtu asiyejali, jengo la ghorofa kumi halisaidii kitu.

Mnamkumbuka Mama Wangari Maathai wa Kenya, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004 kwa ajili ya kazi yake ya kupanda miti. Alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Alisomeshwa na Masista, Mathari na Limuru, na mwaka 1960 akaenda Marekani katika chuo cha Masista Wabenediktini mjini Atchison, Kansas. Huko alisoma elimu ya viumbe, kisha akapata shahada ya pili mjini Pittsburgh. Mwaka 1966 alirudi Nairobi akitegemea ahadi ya profesa mmoja wa elimu ya wanyama, aliyekuwa amemwahidi kazi chuoni. Alipofika aliambiwa kwamba kazi ile amepewa mwingine.

Lakini katika chuo hichohicho alikuwako profesa Mjerumani, Reinhold Hofmann, aliyefundisha juu ya maungo ya wanyama katika idara ya utabibu wa mifugo. Huyu alimpa kazi, akamfundisha, akamhimiza aende Ujerumani kufanya utafiti wa shahada ya udaktari. Alikwenda mwaka 1967, akasoma Giessen na Munich. Mwaka 1971 alipata shahada hiyo Nairobi, mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati. Chuo kilikuwa kimoja, na binti alikuwa yuleyule. Tofauti ilikuwa mtu aliyeketi nyuma ya mlango.

Basi, mwambie binti yako aulize mambo haya kabla hajatia sahihi.

Kwanza, awaandikie watu waliosoma chini ya kila profesa, watatu au wanne, wala asiridhike na wale tu ambao profesa mwenyewe amewataja. Je, walimaliza? Kwa miaka mingapi? Wanafanya kazi gani sasa? Wangapi waliacha njiani? Mtu aliyekwisha ondoka husema kweli kuliko aliye bado chini ya mkono.

Pili, aulize habari za fedha, na zote ziwe katika maandishi. Huko Marekani, vyuo vingi humlipia ada mwanafunzi wa udaktari wa sayansi na kumpa posho, naye husaidia kufundisha au kufanya utafiti. Ujerumani, wengi huajiriwa na chuo au hupata msaada wa masomo. Kwa hiyo, chuo kikimwita mtafiti wa sayansi bila senti hata moja, yafaa kuuliza sababu. Tena aulize fedha hizo ni za miaka mingapi. Uingereza kazi hii huchukua kama miaka mitatu au minne. Marekani mara nyingi mitano au sita. Posho ya miaka miwili haimfikishi mtu ng'ambo ya mto.

Tatu, aulize profesa ana wanafunzi wangapi, na hukutana nao mara ngapi. Kijana mmoja nimjuaye alifuata jina kubwa. Sura yake ya kwanza ilikaa mezani kwa msimamizi miezi minane bila kusomwa.

Nne, profesa akihama, akistaafu au akifa, nani atamshika mkono mwanafunzi? Chuo chema huweka msimamizi wa pili.

Sisemi kwamba jina kubwa ni baya. Wako maprofesa mashuhuri walio baba na mama wa kweli kwa wanafunzi wao, na wako wasiojulikana walio wakali bure. Hata zile barua mbili za profesa si ushahidi wa kutosha. Ndiyo maana nasema: ulizeni.

Sasa nakujibu, baba. Usiuze. Shamba likiuzwa halirudi, bali nafasi ya chuo yaweza kuombwa tena mwaka ujao. Mwache binti atume barua zake, asubiri majibu, kisha achague mwenyewe, maana ndiye atakayekesha maabara. Wewe kazi yako ni kumwuliza maswali ya mzazi, na kumwambia kwamba hata akikosea, nyumbani hapajahama.

Majibu yakija, niandikie. Wako wazazi wengine wanaongoja kuyasikia.