MASHAURI YA JUMA: Mtoto Anapoitwa Lanet



Kila mara Majeshi ya Ulinzi ya Kenya yatoapo tangazo la kuandika vijana, asubuhi za kwetu hubadilika. Katika barabara ya Rongo kwenda Awendo, katika njia za Ndhiwa na Kehancha, na kando ya ziwa pale Mbita na Sori, waonekana wavulana na wasichana wakikimbia kabla jua halijatoka. Nyuma ya kila kijana yuko baba au mama ambaye hakimbii, lakini hana usingizi. Juma hili nataka kusema na hao wazazi, maana vijana hupewa mashauri mengi, na wazazi huachwa wajitafutie.

Kwanza yafaa tujue mtoto aenda wapi, kwa sababu wengi huchanganya milango miwili. Anayetaka kuwa askari wa kawaida huandikwa katika kituo kilichotangazwa katika kaunti yake, kisha hupelekwa Shule ya Makuruta iliyo katika Kambi ya Moi, Eldoret. Anayetaka kuwa ofisa huomba nafasi ya kadeti, na akichaguliwa huenda Chuo cha Kijeshi cha Kenya kilichoko Lanet, karibu na mji wa Nakuru. Kwa kadeti hutakiwa alama za shule zilizo juu zaidi. Mafunzo yake yakitimia hupewa komisheni mbele ya Rais, aliye Amiri Jeshi Mkuu, na kuwa Luteni wa Pili.

Kwa wazee wetu mlango huu wa pili haukuwako. Katika majeshi ya KAR Mwafrika aliweza kutumika tangu ujana mpaka mvi bila kupata komisheni kamili. Waafrika wa kwanza wa Kenya walioipata waliipata mwanzoni mwa miaka ya 1960, uhuru ulipokuwa karibu. Basi mzazi ambaye mtoto wake ameitwa Lanet ana haki ya kufurahi.

Tena ana haki ya kuogopa. Nchi yetu hii ya Nyanza ya Kusini yaijua vita. Mwezi wa Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakafika Kisii. Katika miaka iliyofuata babu zetu wengi walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi katika Kariakoo, na wengi hawakurudi. Waliouawa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Katika vita ya pili ya dunia vijana wa Afrika ya Mashariki walipelekwa mpaka Burma. Baada ya jaribio la kupindua serikali la tarehe 1 Agosti 1982, Jeshi la Wanahewa lilivunjwa, watu wakafungwa, na nyumba nyingi za Nyanza zikaogopa hata kulitaja jeshi. Na tarehe 15 Januari 2016, kambi ya Wakenya iliposhambuliwa pale El Adde nchini Somalia, wazazi wa pande zote za Kenya walikesha wakingoja habari za watoto wao.

Tazameni habari za jirani yetu wa Siaya, Jenerali Francis Ogolla. Aliingia jeshini mwezi wa Aprili 1984, yaani miaka miwili haijatimia tangu jaribio lile, na akatumika katika jeshi la wanahewa lenyewe. Mwaka 1985 alipata komisheni, na mwaka 2023 akawa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi yote. Tarehe 18 Aprili 2024 alikufa katika ajali ya helikopta kule Elgeyo Marakwet, pamoja na wanajeshi wengine tisa. Katika maisha ya mtu huyo mmoja yamo yote mawili: heshima ambayo mzazi huitumainia, na kifo ambacho mzazi hukiogopa. Anayempa mtoto ruhusa yampasa ayapokee yote mawili, kwani hakuna afisi inayogawa la kwanza bila la pili.

Basi mzazi amsaidie mtoto wake kwa njia gani? Nitasema mambo matano.

La kwanza ni mwili na hati. Matangazo ya miaka ya karibuni yametaka kijana wa miaka 18 mpaka 26, mwenye kimo kisichopungua mita 1.60. Kimo hakinunuliwi, lakini afya hutunzwa. Sisi tunaokaa kando ya ziwa tuko mita 1,134 juu ya bahari. Nakuru yapita mita 1,800, na Eldoret yapita 2,000. Kijana aliyezoea kukimbia ufukoni tu, pumzi yaweza kumpungukia huko juu. Na apande milima ya Homa au ya Gwasi mara kwa mara kabla siku haijafika. Ale vizuri: omena, maharagwe, mboga za kienyeji na ugali wa mtama havishindwi na chakula cha dukani. Apimwe malaria, na kichocho pia, ambacho watoto wetu wengi hukipata majini bila kujua. Kisha chukueni kitambulisho na vyeti vya shule, mviweke pamoja mezani, mkatazame majina herufi kwa herufi. Mara nyingi jina limeandikwa hivi katika cheti na vile katika kitambulisho. Kosa hilo husahihishwa kwa miezi, wala halisahihishwi asubuhi ya kuandikwa.

La pili ni fedha, na hapa nitakaa kidogo. Kila tangazo la jeshi husema ya kwamba kuandikwa hakulipiwi hata senti moja. Hata hivyo kila mara hutokea mtu aliyevaa vizuri, mwenye maneno laini, asemaye ya kuwa ana ndugu yake makao makuu, na ya kuwa nafasi zimebaki chache. Mzazi huuza mafahali wawili, hukodisha shamba la miwa kwa misimu kadhaa, na mama hutoa akiba ya chama cha akina mama. Baada ya majuma machache mtoto hupewa barua yenye mhuri mzuri, akasafiri nayo mpaka Eldoret, akakamatwa langoni kwa kuwa barua ni ya uongo. Mambo haya yametokea zaidi ya mara moja, na magazeti yameyaandika. Mtu yule wa maneno laini simu yake huwa imekwisha kuzimwa.

Mzazi aliyetapeliwa hivyo hana hata mahali pa kulia, kwa maana Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 humshika mtoaji kama imshikavyo mpokeaji, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka kumi au faini ya shilingi milioni tano. Na wadogo zake yule kijana, ambao karo yao ilikuwa katika wale mafahali, nao hulipa deni ambalo hawakulikopa.

Labda mtu atasema, “Lakini fulani alitoa, na mtoto wake akaingia.” Sitabishana naye. Namwuliza neno moja tu: mtoto huyo amejifunza nini? Kabla hajafunzwa na sajini wa gwaride, amefunzwa na baba yake ya kwamba kiapo ni bidhaa kama nyingine. Siku moja atapewa ulinzi wa mpaka, au ghala ya silaha, au maisha ya askari thelathini walio chini yake, naye atakumbuka somo lile la kwanza.

La tatu ni mshahara. Kuna nyumba ambazo mtoto hajapanda basi bado, na tayari fedha zake zimekwisha gawanywa: mabati ya nyumba ya baba, karo ya binamu, mahari ya kaka. Kusaidia nyumbani ni wajibu mwema, na desturi zetu, Wajaluo, Wakuria na Wasuba, hazimsifu mtu alaye peke yake. Lakini kijana anayejifunza kazi ngumu asibebeshwe orodha hiyo njiani. Mwache kwanza ajifunze kusimama. Atawainua wengine baadaye.

La nne ni kusema kweli. Kabla ya siku ya safari, baba na mama wakae na mtoto wamwulize, “Je, kazi hii waitaka wewe, au twaitaka sisi?” Kisha wanyamaze wasikie. Akijibu ya kuwa aliomba kwa ajili ya kumridhisha baba, ni heri neno hilo litoke jikoni kwenu kuliko litoke Lanet usiku wa manane. Wala msiogope kutaja kifo mbele yake. Tangu zamani zote, askari ameapa akijua atakayoweza kupoteza. Na majeshi yetu yaliingia Somalia mwezi wa Oktoba 2011, kwa hiyo kijana wa leo hajiungi na jeshi la magwaride tu. Mtoto aliyezungumza na wazazi wake juu ya hatari huenda kwa moyo mzito kidogo lakini uliotulia. Yule aliyeimbiwa sifa peke yake hushangaa hatari ikimjia.

Na kama ni binti, mwulizeni maswali yale yale, si mengine. Wako akina baba wasemao ya kwamba jeshi litamharibu msichana. Fatuma Ahmed aliingia jeshini wakati wanawake walipokuwa katika kikosi chao cha peke yao, kikosi kilichovunjwa mwaka 1999 wakachanganywa na wanaume. Mwaka 2018 akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kufikia cheo cha Meja Jenerali, na mwaka 2024 akawekwa kuwa Kamanda wa Jeshi la Wanahewa.

La tano ni kumwachilia, na kumwachia mlango wazi. Mafunzo ya askari popote duniani huanza kwa kumtenga mgeni na mambo ya nyumbani. Simu itanyamaza, na kunyamaza si dalili ya msiba. Msisafiri kupitia Kisii na Kericho na kuku mkononi mkamwite langoni. Msimtafute ofisa wa ukoo wenu amfanyie wepesi. Akipata nafasi ya kuzungumza nanyi, akasema amechoka, mtieni moyo. Akisema ameumia au ameonewa, msimwambie avumilie tu. Msikilizeni mpaka mwisho, kisha mweleze wakubwa wa chuo kwa adabu na kwa maandishi. Kuchoka na kuumia ni vitu viwili, na mzazi aliyemlea mtoto huweza kuvitambua kwa sauti.

Yuko tena mtoto ambaye hatachaguliwa. Kituoni hufika mamia, na wachukuliwao huhesabika kwa vidole. Jino, jicho, unyayo, alama ya somo moja, lolote laweza kumrudisha. Wako vijana ambao jioni ya siku hiyo hawarudi nyumbani. Hubaki Migori mjini au Homa Bay kwa rafiki, majuma hata miezi, kwa kuwa hawajui watamtazamaje baba aliyekwisha kutangaza kanisani na sokoni ya kuwa mwanawe ni ofisa. Aibu hiyo haikuletwa na jeshi. Tuliileta sisi kwa kutangaza mapema. Kwa hiyo mtoto na aombe jeshi na wakati ule ule aombe chuo. Rongo kina chuo kikuu, na Homa Bay ina chuo kikuu chenye jina la Tom Mboya. Na usiku wa mwisho kabla hajaondoka, baba amwambie wazi mbele ya mama yake: “Ukichaguliwa, nenda na baraka zetu. Ukirudishwa, rudi siku hiyo hiyo, chakula chako kitakuwapo.”

Maneno hayo hayana gharama, wala hapana wakala awezaye kuyauza. Mzazi akiisha kuyasema, ampe mtoto nauli, amwombee, amsindikize mpaka kituo cha basi, kisha arudi shambani kwake. Kazi iliyobaki ni ya mtoto.

Kwaherini mpaka juma lijalo.