Shujaa Mwenye Mwisho: Habari ya Mbegha na Nafasi ya Hadithi za Picha katika Fasihi Yetu

1. Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi mmoja wa uzamili, mzaliwa wa Handeni, aliwasilisha mbele ya kamati pendekezo la utafiti juu ya hadithi za picha za mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida. Pendekezo hilo lilikataliwa. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili: kwamba hadithi za picha ni burudani ya watoto, na kwamba mashujaa wa aina hiyo ni wageni katika fasihi ya Kiswahili. Mwandishi wa makala haya alikuwa miongoni mwa waliolikataa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sababu zote mbili hazikuwa na msingi. Hoja yetu ni kwamba miongoni mwa hadithi za mashujaa zilizo fupi na zinazojitosheleza, yaani zenye mwanzo, kati na mwisho wake zenyewe, ile tunayoiona kuwa bora kuliko zote imo katika Kiswahili tangu karne ya kumi na tisa. Nayo ni habari ya Mbegha, kama ilivyoandikwa na Abdallah bin Hemedi l'Ajjemy katika Habari za Wakilindi. Aidha, tutadai kwamba ubora wake unatokana na jambo moja ambalo wahakiki wetu hawajalitilia maanani vya kutosha: shujaa huyu ana mwisho.

2. Hadithi inayokwisha na isiyokwisha

Hadithi za picha ni za namna mbili. Kuna zile zisizokwisha. Superman, aliyeanza kuchapishwa Marekani mwaka 1938, hajafikishwa mwisho hadi leo. Akifa katika toleo moja hufufuliwa katika jingine, maana kifo chake ni hasara kwa mchapishaji. Kwetu pia, Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, Ndumilakuwili na Lodi Lofa wa jarida la Sani, na Kingo wa James Gayo ni wahusika wa aina hii. Nguvu yao si ya kuruka angani bali ni ya ulimi na ujanja, lakini muundo ni uleule: tukio linakwisha, mhusika anabaki kama alivyokuwa. Muundo huu unafaa sana kwa kejeli, kwa kuwa mambo yanayokejeliwa nayo hayaishi.

Namna ya pili ni mfululizo mfupi uliopangiwa kikomo. Mfano unaotajwa mara nyingi ni Watchmen, kazi ya Waingereza wawili, mwandishi Alan Moore na mchoraji Dave Gibbons, iliyotoka katika matoleo kumi na mawili kati ya mwaka 1986 na 1987. Humo shujaa mmoja anawaua mamilioni ya watu wa New York ili mataifa makubwa yaache kupigana. Wenzake wanapogundua, karibu wote wanakubali kunyamaza ili amani isivunjike, anayekataa anauawa. Hadithi inafungwa hapo, na msomaji anaachiwa kazi ya kuhukumu. Hukumu hiyo haiwezekani katika hadithi isiyokwisha, kwa sababu mtuhumiwa atarudi toleo lijalo akiwa msafi. Si ajabu kwamba mchapishaji alipoanza kuiongezea hadithi hiyo matoleo mapya mwaka 2012, wasomaji wengi walilalamika. Walihisi kwamba kesi iliyokwisha kusikilizwa inafunguliwa upya kwa ajili ya biashara.

Kutokana na mfano huo tunapata kigezo chetu: thamani ya hadithi ya shujaa hupimwa kwa namna inavyomfikisha mwisho na kwa swali inalomwachia msomaji.

3. Mbegha kama shujaa

Tukitumia kigezo hicho, hatuna haja ya kwenda mbali. Msafiri atokaye Handeni kwenda Korogwe huvuka Mto Pangani, na mbele yake huiona milima ya Usambara. Safari ya Mbegha ilielekea upande huohuo: kutoka nchi ya Nguu, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa katika wilaya ya Handeni hadi wilaya ya Kilindi ilipoundwa mwaka 2002, kuvuka bonde, hadi Usambara alikopewa utawala.

Mbegha alikuwa kigego: aliota meno ya juu kwanza, na kwa desturi za wakati ule mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa mkosi. Wazazi wake walipokufa, ndugu walimnyima urithi. Akawa mwindaji, mwenye dawa na mbwa hodari, kiongozi wao akiitwa Chamfumu. Huko Kilindi alifanya urafiki na mtoto wa mtawala; siku moja kijana huyo aliuawa na nguruwe mwitu walipokuwa wakiwinda pamoja, na Mbegha akakimbia asimkabili baba yake. Alipofika Usambara, watu wa Bumbuli waliona moshi wa moto wake porini. Aliwapa nyama, nao wakampa vyakula vya shambani. Akaamua magomvi yao, akawaulia wanyama waharibifu, na usiku mmoja njiani kuelekea Vugha akaua simba. Kutokana na tendo hilo jina la Simba likawa la kifalme.

Vipengele vyote ambavyo wahakiki wa hadithi za picha huvitaja vimo humu: alama ya mwilini inayomtenga shujaa na watu, kufukuzwa, kosa linalomwandama, nguvu inayogeuzwa kuwa huduma, na jina jipya. Kudai kwamba shujaa wa ajabu ni mgeni kwetu ni kusahau pia Fumo Liyongo wa pwani, ambaye hakuna silaha iliyomdhuru isipokuwa sindano ya shaba kitovuni.

Hata hivyo, kinachompambanua Mbegha ni mwisho wake. Hakuuawa vitani wala kwa hila. Aliugua, akafa, na wazee wachache waliokuwa na habari hiyo waliificha. Mwanawe Bughe aliletwa kwa siri kutoka Bumbuli, baba akazikwa kwa siri, na watu walipokuja kutangaziwa msiba, mtawala mpya alikuwa tayari. Kwa hiyo amani ya nchi ilitegemea siri ya watu wachache. Msomaji wa Watchmen atalitambua swali hili mara moja: je, wachache wana haki ya kuwaficha wengi ukweli kwa manufaa ya wengi? Habari za Wakilindi iliuliza swali hilo kwa Kiswahili karibu karne moja kabla.

4. Lugha ya simulizi na lugha ya picha

Kwa mwanaisimu kuna sababu nyingine ya kuipenda kazi hii. Nathari ya Abdallah bin Hemedi imejengwa kwa sentensi fupi zinazofuatana kwa kiambishi -ka-. Tuchukue mfano wetu wenyewe wa muundo huo: akafika, akakata miti, akawasha moto, wakaja watu. Kila kitenzi kinasimamisha tendo moja, na kati ya tendo na tendo kuna nafasi ambayo msimulizi haijazi. Nani aliwaita watu wale? Walisitasita kwa muda gani? Msikilizaji hujijazia.

Huo ndio utaratibu wa hadithi ya picha. Kila kisanduku ni tendo moja lililosimamishwa, na ile nafasi nyeupe kati ya kisanduku na kisanduku ndiyo inayomfanya msomaji awe mshiriki. Tunathubutu kusema kwamba -ka- ya masimulizi ni sarufi ya visanduku iliyokuwapo kabla ya visanduku vyenyewe. Tukiongeza utajiri wa tanakali za sauti katika Kiswahili, ambazo ni za kawaida mno katika masimulizi ya mdomo na adimu katika riwaya, tunaona kwamba hadithi ya picha ni mahali ambapo sehemu iliyopuuzwa ya lugha yetu hupata makazi. Huu ni uwanja halali wa utafiti wa isimu.

Liko pia suala la jina. Msomaji wa Kiswahili akiandikiwa "Mbega" humfikiria kima mwenye manyoya meusi na meupe. Ile gh ya Kisambaa ndiyo inayomrudishia shujaa jina lake. Jambo hili linaweza kuonekana dogo, lakini katika kazi ambayo maneno yake ni machache, kila herufi ina uzito, na mchoraji atakayemwandika Mbegha ndani ya kiputo cha maneno atalazimika kuamua anazungumza lugha gani, na nani.

5. Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba Habari za Wakilindi ni kitabu cha historia, si hadithi ya picha. Ni kweli. Lakini kilichapishwa kwa sehemu, katika matbaa ya misheni ya Magila, kati ya mwaka 1895 na 1907, kabla ya kutolewa upya mwaka 1962 kwa uhariri wa J. W. T. Allen. Wasomaji wake wa kwanza hawakukipata chote kwa pamoja. Na wanaosema hadithi za picha ni chombo cha kigeni wakumbuke kwamba matbaa ya Magila nayo ilikuwa chombo cha kigeni. Hatukukikataa kitabu kwa sababu hiyo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Steven Feierman, katika utafiti wake wa ufalme wa Wasambaa uliochapishwa mwaka 1974, ameonyesha kwamba habari ya Mbegha ina sura ya kisasili. Inaeleza na kuhalalisha utawala. Je, kuichora si kuwapigia debe watawala waliokwisha ondoka? Ingekuwa hivyo kama tungeishia kwa simba. Lakini kitabu hakiishii hapo. Baada ya kifo cha Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, ukoo wa Wakilindi uligawanyika. Semboja akawa na nguvu zake kule Mazinde, katika Korogwe ya leo. Raia wakauzwa utumwani. Na mwishoni mwa miaka ya 1860 Wabondei wakawaasi Wakilindi katika harakati iliyoitwa Kiva. Mgeni aliyekaribishwa kwa sababu aligawa nyama aliacha kizazi kilichogeuza watu kuwa bidhaa. Mchoraji mwaminifu hatakosa kuyaweka mambo hayo mawili ubavu kwa ubavu. Huo hautakuwa upigaji debe, bali hukumu.

6. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba shujaa wa ajabu si mgeni katika fasihi yetu, na kwamba hadithi ya picha si kitu duni bali ni utanzu wenye sarufi yake, ambayo Kiswahili kina vifaa vya kuitumia. Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, idara zetu zikubali utanzu huu kama mada ya tasnifu, ukipimwa kwa fani na maudhui kama utanzu mwingine wowote. Pili, wanafunzi wanaotoka Handeni na Korogwe wahimizwe kukusanya masimulizi ya Kizigua na Kisambaa juu ya Mbegha, ili atakapochorwa kwa ukamilifu asichorwe kutoka katika kitabu kimoja tu.

Mwanafunzi yule alibadilisha mada, akamaliza shahada yake kwa kuandika juu ya jambo jingine ambalo sisi tulilipendekeza. Tasnifu yake ni nzuri, lakini ile tuliyoikataa haikuandikwa, na hasara hiyo ni yetu sote.