Tusimcheke Fundi wa Sketi

Jumamosi moja alasiri nilisimama katika kituo cha matatu mjini Kisumu pamoja na mpwa wangu, binti wa dada yangu. Alikuwa amevaa sketi ya matabaka matatu: la juu la kitenge cha buluu, la kati la pazia kuukuu la lesi, na la chini la kitambaa cha manjano kilichokatwa ncha ncha mfano wa mapezi ya samaki. Blauzi yake ilikuwa na mikono iliyofura mabegani kana kwamba imejazwa upepo wa ziwani. Makanga wakapiga mbinja. Mmoja wao akauliza kwa sauti kuu kama sarakasi imewasili mjini, na abiria wakaangua kicheko.

Ninakiri hadharani kwamba siku hiyo mkosaji mkubwa hakuwa yule makanga. Nilikuwa mimi. Badala ya kumtetea mtoto wa dada yangu, nilimnong'oneza kwamba afadhali angevaa nguo kama za watu wengine. Hakunijibu. Tulisafiri kimya mpaka soko la Kibuye, alikokuwa akinipeleka kwa sababu nilikuwa nimemwahidi kumlipia vazi jingine.

Vazi hilo jipya lilikuwa la mchezo ambao vijana huuita kosplei, neno lililoundwa huko Japani katika miaka ya 1980 kutokana na maneno mawili ya Kiingereza, la mavazi na la mchezo. Kijana humchagua mhusika wa katuni, filamu au hadithi, akashonewa mavazi yake, kisha akaenda kukutana na wenzake katika mikusanyiko kama ule wa NAICCON jijini Nairobi. Nilidhani nitaoneshwa picha ya shujaa wa Kijapani. Kumbe binti alikuwa amechora mwanamke wa ziwani, yule wa hadithi ya Nyamgondho ambayo kila mtoto wa Kijaluo huisikia: mwanamke aliyenaswa na mvuvi fukara, akamletea mifugo isiyohesabika, na siku alipotukanwa akarudi majini na mifugo yote ikamfuata. Wasimulizi husema mambo hayo yalitokea huko Gwassi, kwenye ufuo wa Nyandiwa.

Fundi wetu, mama wa makamo mwenye cherehani ya kukanyaga kwa miguu, alinikaribisha kwa heshima. "Jaduong', keti hapa," akaniambia, kisha akanisahau kabisa. Aliutazama mchoro kwa muda mrefu. Akampima binti kiuno, sentimita 66, akaigawa kwa sita na robo, akapata kumi na nusu na ushei. Hicho ndicho kipimo cha kutoka kwenye kona ya kitambaa kilichokunjwa hadi ukingo wa kiuno, kwa maana sketi ilitakiwa iwe duara kamili.

Hapo nikafunzwa jambo ambalo sikuwahi kulifikiri katika miaka yangu yote ya kuvaa nguo. Kitenge cha kawaida kina upana wa sentimita 115 hivi, lakini sketi ya duara yenye urefu wa sentimita 60 inahitaji upana wa 141. Haitoki nzima. Fundi huikata nusu mbili, akazilaza moja baada ya nyingine kufuata urefu wa kitambaa, na hivyo hutumia yadi tatu na kidogo kati ya yadi sita zinazouzwa. Zinazobaki ndizo za blauzi. Aidha, duara halipindwi chini siku ile ile lilipokatwa. Sehemu zilizokatwa mshazari hunyooka kwa uzito wake zenyewe, kwa hiyo sketi hutundikwa usiku kucha, ndipo asubuhi isawazishwe na kupindwa. Fundi mwenye haraka humpa mteja sketi ambayo baada ya wiki moja imeshuka pande mbili mithili ya masikio ya mbuzi.

Je, huo ni upuuzi? Ni hesabu hiyo hiyo ya duara ambayo watoto wetu huchapiwa viboko wakiishindwa, ingawa sheria ilikwisha kupiga marufuku viboko hivyo.

Yafaa tukumbuke jinsi mafundi hawa walivyofika hapa walipo. Kisumu ulikuwa mji wa nguo. Kiwanda cha KICOMI kilisokota na kufuma pamba, na wengi tuliokulia hapa tulivaa vitambaa vyake shuleni. Katika miaka ya 1990 milango ya biashara ilifunguliwa, marobota ya mitumba yakamiminika, na kiwanda hicho kikaporomoka. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba sokoni kufikia mwaka 2019. Marekani ilipotishia kuondoa nafuu za ushuru za AGOA, Kenya ilirudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu hizo. Simlaumu mwananchi anayenunua mitumba. Shati nililovaa ninapoandika haya lilitoka robotani. Nasema tu kwamba fundi wa Kibuye hawezi kushindana na shati lililotupwa bure na mtu wa Ulaya. Anabakiwa na sare za shule, ambazo msimu wake ni mfupi, na viraka.

Lakini robota lina upungufu mmoja. Halina vazi ambalo msichana wa Kisumu amelifikiria jana usiku. Hapo ndipo fundi anapopata tena nafasi, na ndiyo sababu naliona jambo hili kuwa la riziki wala si la mzaha.

Wako watakaosema kwamba mavazi ya ajabu ajabu si desturi yetu. Ningependa kuwauliza ni desturi ipi wanayoizungumzia. Wazee wetu walivaa vilemba vya manyoya ya mbuni na meno ya kiboko, wakajipaka udongo, wakatoka kwenda tero buru kukifukuza kifo kutoka bomani. Mama aliyeolewa alivaa chieno, mkia wa nyuzi uliotikisika kwa kila hatua. Kama kuna watu duniani waliojua kwamba vazi laweza kumgeuza mtu kuwa mwingine kwa muda, ni watu wa ufuo huu. Kilicho kigeni kwetu ni suti nyeusi jua likiwa la utosi, nami ninazo mbili.

Tena kicheko cha kituoni si kitu kidogo. Mnamo Novemba 2014 wanawake waliandamana jijini Nairobi baada ya mwenzao kuvuliwa nguo na wanaume hadharani kwa kisingizio cha mavazi. Mwaka huo huo Bunge lilitunga sheria inayomtia kifungo kisichopungua miaka 10 anayemvua mwingine nguo kwa nguvu. Sheria ipo, lakini haimfikii anayepiga mbinja, wala mjomba anayenong'ona. Binti aliyezomewa mara mbili hatarudi kwa fundi mara ya tatu, na fundi atarudi kwenye viraka.

Kwa hiyo ninawaomba wanaosimamia masoko yetu wawape washonaji paa lisilovuja na umeme usiokatika, kwani kitambaa cheupe kikilowa tope hakuna wa kumlipa fundi. Ninawaomba wazazi wasiuchane mchoro wa mtoto kabla ya kuuliza ni wa nini. Na wateja, tafadhali, tulipe malipo ya awali. Mama yule alinionesha nguo tano zilizokamilika ambazo wenyewe hawajazifuata.

Nilimlipa yake yote papo hapo. Kabla hatujaondoka alianza kukata ng'ombe wadogo kutoka katika masalio ya nguo za watu wengine, kahawia, weusi, wa madoadoa, ili awashone kuzunguka upindo, wote wakielekea majini. Sketi aliitundika msumarini na kutuagiza turudi Jumanne. Njiani kuelekea kituoni nilimwomba mpwa wangu radhi. "Mjomba," akasema, "wewe umechukua upande ule wa karibu na makanga." Nikabaki upande huo.